Rangi ya RH-1691: tathmini ya fundi anayeitia ubongoni

Nianze na hukumu, maana najua wengi mtaishia aya ya pili. RH-1691 naipa nyota nne kati ya tano. Inaonyesha wimbi la umeme likisafiri juu ya gamba la ubongo wa mnyama aliye hai: limeanzia wapi, limefika wapi, limetumia milisekunde ngapi njiani. Kuhusu saa na mahali, haisemi uongo. Ukiiuliza ni seli ipi hasa iliyofanya kazi hiyo, inanyamaza, na hapo ndipo ilipoacha nyota yake ya tano. Anayekuuzia kwa kukuambia kwamba utaona ubongo ukifikiri, huyo anakupamba.

Mimi ni fundi wa maabara, mzaliwa wa Tanga. Nilianza na damu, mkojo na makohozi hospitalini kama mafundi wengi. Sasa nipo Ujerumani katika maabara ya fiziolojia ya neva. Naandaa panya, nafungua fuvu, natia rangi, napanga taa na kamera, kisha nawafukuza wanafunzi wa uzamivu wasiegemee meza. Makala anaandika profesa. Humo ndani shughuli yangu yote hupewa mistari michache kwenye sehemu ya mbinu, na anayeisoma hudhani ni kumimina na kusubiri. Wadogo zetu wananiandikia kutoka Dodoma, Eldoret na Mbarara wakiuliza kama kitu hiki kitafaa kwa tasnifu zao. Haya ndiyo majibu yangu, nimechoka kuyarudia kwenye simu.

Kwanza ujue unanunua nini. Seli ya neva iliyotulia huwa na volteji ya chini ndani kuliko nje, tofauti yake ni kama milivolti 70. Namba hiyo haimtishi mtu. Betri ndogo ya rimoti inaipita mara ishirini. Lakini utando wa seli una unene wa nanomita 4 au 5 tu, na volteji hiyo ndogo ikibanwa katika unene huo inazaa uga wa umeme wa zaidi ya volti milioni 10 kwa mita. Hewa ya kawaida hupasuka na kurusha cheche uga ukifika milioni 3 hivi. Sasa chukua molekuli yenye rangi inayopenda kujipachika kwenye utando, na ambayo mng'ao wake hubadilika uga ukibadilika. Seli ikisisimka, molekuli nayo inang'aa zaidi au inafifia, papo hapo, ndani ya mikrosekunde. Hakuna damu ya kusubiri ijae. Vipimo vya kalsiamu, vinavyofuatilia madini hayo yakiingia kwenye seli iliyosisimka, hubaki nyuma kwa makumi hadi mamia ya milisekunde, na mashine ya MRI inayofuatilia damu ubongoni hubaki nyuma kwa sekunde nzima. Kwa anayetaka kujua sehemu gani iliitangulia nyingine, tofauti hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wazo si la jana. Mwaka 1968 Ichiji Tasaki na wenzake waliona mng'ao wa neva iliyotiwa rangi ukibadilika wakati msukumo unapita, na mwaka huohuo Lawrence Cohen, Richard Keynes na Bertil Hille walionyesha kwamba hata bila rangi, mwanga unaopita kwenye neva hubadilika kidogo. Cohen, mtu wa Chuo Kikuu cha Yale, ndiye aliyeng'ang'ania. Kundi lake lilipiga kambi Woods Hole, pwani ya Massachusetts, kwenye ngisi wenye aksoni, yaani uzi wa neva, nene inayoonekana kwa macho matupu, wakajaribu rangi mamia kwa mamia, nyingi zikiwa za kutupa. Mwaka 1973 rangi iitwayo merosayanini 540 iliwapa mabadiliko ya kutosha kuonekana, na kabla mwaka haujaisha Brian Salzberg, Davila na Cohen walikuwa wamerekodi kwa mwanga misukumo ya seli mojamoja za ruba. Naam, ruba. Mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi wetu wanaolalamikia vifaa kwamba fani hii ilijengwa juu ya ngisi na ruba.

RH ni herufi za Rina Hildesheim, aliyetengeneza rangi hizi katika Taasisi ya Weizmann mjini Rehovot, Israeli, akifanya kazi na Amiram Grinvald. Namba zilizotangulia, kama RH-414 na RH-795, zilifanya kazi, ila zilitaka mwanga wa kijani, na kijani ndiyo chakula cha himoglobini. Damu inaunyonya mwanga wako kabla haujafika unakokwenda, na kila mshipa ukitanuka au kusinyaa, mchoro unayumba. Mwaka 1999 kundi hilo lilitangaza rangi za bluu (bluu ni sura ya rangi yenyewe, si mwanga inaoutaka): RH-1691 na ndugu zake RH-1692 na RH-1838. Hizi husisimuliwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630 hivi, na mng'ao wake unausoma kuanzia 665 kwenda juu. Huko himoglobini haina hamu nako. Nimezitumia zile za mwanga wa kijani na hizi za bluu kwenye panya wa aina moja, na kwangu hakuna mjadala: kwa mnyama mzima mwenye damu inayozunguka, za kijani ziache kabatini.

Sasa tufike kwenye kazi.

Unga unakuja mkavu, miligramu chache zimeganda chini na ubavuni mwa chupa ndogo, na mara ya kwanza unaweza kudhani umetumiwa chupa tupu. Usiipigepige mezani. Mimina mmumunyo wa chumvi humohumo, zungusha taratibu, uoshe kuta zote za chupa. Kipimo changu ni miligramu moja kwa mililita. Inayeyuka kwenye maji bila ugomvi, na sifa hiyo haitajwi inavyostahili, maana zipo rangi ambazo lazima uanze na viyeyushi kama ethanoli au DMSO, na ubongo ulio wazi hauzifurahii hizo. Funika chupa kwa foili. Taa ya chumba tu inatosha kuanza kuichakaza.

Panya akiwa chini ya nusu kaputi, nafungua dirisha dogo la fuvu kwa drili ya meno huku namwagia maji baridi, kwa sababu joto la drili pekee linaweza kuliumiza gamba lililo chini ya mfupa. Mfupa ukitoka, bado kuna dura, utando mgumu unaofunika ubongo. Hapo ndipo fundi hujulikana. Unauchana kwa ncha ya sindano iliyokunjwa, ukifuata njia isiyo na mshipa, chini ya hadubini, mkono umeegemezwa. Damu ikimwagika juu ya gamba umeshapata hasara mbili, kwani inaizuia rangi kuingia na baadaye inauzuia mwanga kutoka. Kundi la Jian-young Wu, Chuo Kikuu cha Georgetown, lilitoa njia ya kuiacha dura mahali pake na kuikausha kidogo ili ipitishe rangi, wao wakifanyia kwenye panya wakubwa wa maabara. Ni njia nzuri. Mimi bado naitoa, labda kwa ujeuri wa mikono.

Halafu unasubiri saa moja hadi mbili, rangi ikiwa juu ya ubongo. Ni kama hina: ukiosha mapema umepoteza muda wako, ukivumilia inashika, na chenye thamani ni kile kilichobaki baada ya kuosha. Wakati wa kusubiri nabadilisha rangi iliyo juu mara kwa mara isijekauka. Baada ya hapo naosha na kuosha hadi maji yatoke meupe kabisa, kwa sababu rangi isiyoshika inang'aa vilevile ila haisemi chochote kuhusu volteji. Inakuongezea mwanga wa bure na kuizamisha ishara yako. Nikimaliza naweka agarosi, aina ya jeli, ya vuguvugu na kigae chembamba cha kioo juu, ubongo utulie usipande na kushuka kwa kila pumzi.

Nani alisema basi tumemaliza? Bado hatujaona kitu.

Mabadiliko ya mng'ao kwenye ubongo ulio hai, sharubu moja ya panya inapoguswa, ni sehemu ndogo sana ya mwanga wote: asilimia 0.1, asilimia 0.2, siku ya bahati karibu nusu asilimia. Mwanga nao huja kwa chembe, yaani fotoni, na fotoni hazipangi foleni. Ukitarajia fotoni milioni moja kwenye pikseli, utapata milioni moja ikizidi au kupungua kwa kama elfu moja. Elfu moja katika milioni ni asilimia 0.1. Kwa hiyo hata ukiwa na kamera isiyo na kasoro yoyote, mtawanyiko wa fotoni zenyewe ni mkubwa sawa na kitu unachokitafuta. Hii ni hesabu ya maumbile, na haina mswalie Mtume.

Kutokana na hesabu hiyo, mengine yote yanafuata. Kamera ya kuonea gizani, ile ambayo maabara nyingi tayari zinayo kwa kazi nyingine za hadubini, haikufai, kwa sababu pikseli zake hujaa mapema kabla hazijakusanya fotoni za kutosha. Unahitaji kamera yenye pikseli chache, kubwa, zenye uwezo wa kumeza mwanga mwingi. Yetu ina 100 kwa 100, na huwa tunapiga picha 500 kwa sekunde. Mtu aliyezoea simu yenye pikseli milioni hamsini huicheka, akishaona rekodi zake huacha kucheka. Lenzi lazima iwe na mdomo mpana. Taa lazima iwe kali na, zaidi ya ukali, isiyotetemeka: taa ya halojeni yenye umeme wa moja kwa moja uliotulizwa, au siku hizi LED nzuri. Taa za tao la xenoni zina nguvu, ila mwali wake hutangatanga, na mtangatango wa asilimia 0.1 umeshaila ishara yako yote.

Meza iwe ya kuelea juu ya hewa. Lifti ya jengo letu ninaijua kwa mchoro wake, sihitaji kuisikia.

Ukiongeza mwanga ili upate fotoni nyingi, unaichoma rangi. Kila sekunde ya mwanga inapunguza mng'ao, na rangi iliyosisimuliwa kupita kiasi huzalisha oksijeni chokozi inayoziumiza seli. Kwa hiyo mlango wa taa unafunguka kwa sekunde moja tu au pungufu, unafunga, mnyama anapumzika, unarudia. Unachukua rekodi zenye kichocheo na rekodi tupu zisizo na kichocheo, moja hii moja ile, kisha unaondoa za pili kutoka za kwanza na kutafuta wastani. Moyo wa panya hupiga mara mia nne na zaidi kwa dakika, na kila pigo linausukuma ubongo. Sisi tunaifanya kompyuta isubiri pigo la moyo ndipo ianze kurekodi, ili rekodi tupu na rekodi yenye kichocheo ziwe zimebeba mapigo yaleyale na yafutane. Ukiliruka hili, utaandika makala nzuri sana kuhusu moyo.

Na sasa nikueleze kwa nini navumilia yote haya.

Panya huujua ulimwengu kwa masharubu. Kila sharubu ina kijisehemu chake kwenye gamba, duara dogo la seli liitwalo pipa, na mapipa yamepangwa kwa safu zilezile za masharubu yalivyo usoni. Unagusa sharubu moja, mara nyingi ile ya C2, yaani ya pili katika safu C, mguso wa milisekunde chache. Kwenye skrini hakuna kitu. Picha inayofuata, hakuna. Halafu, milisekunde kama kumi baada ya mguso, doa linaota mahali hasa lilipo pipa la C2, si kingine. Picha chache mbele, doa limevuka mipaka ya pipa na kumwagika kwa majirani. Na kabla hujapumua, doa la pili limewaka mbali, upande wa mbele, kwenye gamba linaloongoza misuli. Kundi la Carl Petersen la Lausanne, Isabelle Ferezou akiwa mstari wa mbele, lilichapisha jambo hilo mwaka 2007 kwa panya walio macho kwa kutumia rangi hiihii, na kabla ya hapo Petersen, Grinvald na Bert Sakmann walikuwa wameonyesha mtawanyiko huo kwenye pipa na majirani zake. Nilikuwa nimeyasoma yote. Kuyasoma na kuyaona yakitokea chini ya lenzi uliyoisafisha mwenyewe ni mambo mawili. Mguso mmoja wa sharubu moja, na nusu ya dirisha langu inawaka.

Weizmann walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2003 Tal Kenet na wenzake walitazama gamba la kuonea la paka aliye chini ya nusu kaputi, bila kumwonyesha kitu, wakaona mipangilio ya shughuli inayofanana na ile inayotokea paka anapoonyeshwa mistari iliyolala upande fulani. Mwaka 2004 Dirk Jancke na wenzake walitumia kiini macho: unaonyesha kidoa, kisha mstari, na jicho la mtu huuona mstari ukichorwa kuanzia kwenye kidoa ingawa umewashwa wote kwa pamoja. Kwenye gamba la paka, rangi ilionyesha wimbi likichora mstari huo kweli. Nao Wu na wenzake wameonyesha mawimbi yanayozunguka kwenye gamba mithili ya kimbunga. Kwa elektrodi, sindano za kupimia umeme, zilizochomekwa hapa na pale, mzunguko wa namna hiyo ni rahisi kukupita usiujue.

Lakini usisahau unachotazama. Rangi hushika utando wowote, na sehemu kubwa ya utando ubongoni ni matawi ya kupokelea na nyuzi nyembamba, siyo miili ya seli. Kinachowaka ni jumla ya minong'ono ya maelfu ya matawi, zaidi ile isiyofika kiwango cha kurusha msukumo. Rangi haichagui seli ya kusisimua na ya kuzuia, na seli za glia, zile zinazozihudumia neva, nazo hushika rangi. Ni tabaka za juu za gamba tu zinazoonekana vizuri. La nne linaonekana kwa taabu na la sita usiliwaze. Mwanafunzi akinionyesha doa akasema "seli hizi zimerusha", namrudisha akasome upya.

Tuje kwa mshindani wa karibu, di-4-ANEPPS. Hii ni ya Leslie Loew na wenzake, ya mwaka 1985, na kwa kipimo cha utando safi bado ni ya kuheshimiwa: mng'ao hubadilika kwa karibu asilimia 10 kwa kila milivolti 100. Kwenye vipande vya ubongo vilivyokatwa na kuwekwa kwenye beseni la mmumunyo, naipenda kuliko RH-1691. Kwenye moyo uliotolewa ndiyo mfalme. Wenzetu wa moyo huipaka, kisha husimamisha mikunjo ya misuli kwa dawa iitwayo blebistatini ili moyo usitingishike mbele ya kamera. Ila haipendi maji, inataka mwanga wa kijani au bluu, na juu ya ubongo wenye damu inarudi kwenye shida zilezile za himoglobini. Kijana mmoja kutoka Kisumu, aliyekuja kwetu kujifunza, alifanya vipande kwa di-4-ANEPPS huku mimi nikiwa kwenye panya mzima kwa RH-1691. Akaniita. "Dada, mbona yako inapanda na yangu inashuka?" Nikamwambia, mdogo wangu, hujaharibu kitu. RH-1691 huongeza mng'ao seli ikisisimka. Di-4-ANEPPS, kwa vichujio alivyokuwa navyo, hupunguza. Ukihama rangi, mchoro unapinduka, na kama hukuandika kwenye daftari ni rangi gani, mwezi ujao utasoma usisimuaji ukidhani ni uzuiaji.

Madhara yapo, na tovuti za wauzaji hazina haraka ya kuyataja. Mwaka 2010 Steven Mennerick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis walionyesha kwamba rangi za volteji za aina mbalimbali huvichezea vipokezi vya GABA-A, vile vinavyoushika ubongo breki. Yaani kipimo chako kinaweza kuwa dawa. Tiba yangu ni ya kizamani: kabla ya kutia rangi narekodi kwa elektrodi ya kawaida jinsi gamba linavyojibu sharubu ikiguswa, na baada ya kuosha narekodi tena. Majibu yakiwa tofauti sana, panya huyo haingii kwenye hesabu. Maabara inayokwambia haina haja ya kipimo hiki, waombe daftari.

Kuhusu huduma: rangi nimewahi kuagiza kwa wauzaji mbalimbali. Mmoja, simtaji, alituma chupa bila barafu kavu wala tarehe, ikakaa forodhani hadi wiki ikaisha, na ilipofika ilishika ubongo vizuri ikawa haina ishara. Tuliandikiana barua za heshima nyingi. Fedha hazikurudi. Tangu hapo kila chupa mpya naijaribu kwanza kwenye kipande cha ubongo kabla ya kumfungua mnyama mzima fuvu, kwa sababu mnyama ni uhai na kibali chake ni kazi, na kumtumia kwa rangi iliyokufa ni dhambi hata kama kamati haitajua.

Je, imepitwa na wakati? Wapo wanaosema hivyo. Siku hizi kuna protini zinazohisi volteji ambazo seli huzitengeneza yenyewe baada ya kupewa jeni: ArcLight ya mwaka 2012, ASAP1 ya mwaka 2014, na Voltron ya mwaka 2019 inayochanganya protini na rangi ya kutengenezwa. Hizi huchagua seli. Unaweza kuziweka kwenye aina moja tu ya neva, ukamrudia mnyama yuleyule kwa wiki nyingi, na kwa zile bora ukaona misukumo ya seli mojamoja. Nyota yangu ya tano wamekwenda nayo hao. Lakini zinahitaji virusi vya kubebea jeni au panya aliyezalishwa kwa kazi hiyo, na miezi ya kujiandaa. RH-1691 unaitia asubuhi, jioni una rekodi, kwa panya, paka au nyani, hata yule ambaye hakuna aliyewahi kumgusa jeni. Kwa nyani, Hamutal Slovin na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba inaweza kutumika tena na tena kwa mnyama aliye macho na anayefanya kazi aliyofundishwa. Kwa anayetazama mawimbi juu ya eneo pana, sioni sababu ya kuitupa.

Kwa binadamu aliye hai, hapana. Sumu ya mwanga peke yake inafunga mlango. Vipande vya gamba vilivyotolewa katika upasuaji wa kifafa vimewahi kutiwa rangi za volteji na vikatoa majibu mazuri. Na jambo moja linanitekenya: mwaka 2014 kundi la Francisco Bezanilla, Chicago, lilionyesha kwamba indosayanini ya kijani, rangi ambayo hospitali huwachoma watu mishipani miaka nenda miaka rudi kuangalia macho na ini, nayo inahisi volteji. Ilikuwa kabatini muda wote huo.

Kwa hiyo, ununue? Kama swali lako ni "wimbi linakwenda wapi na lini", na tayari unayo kamera ya kumeza mwanga, meza ya hewa, na mtu mwenye mikono ya kutoa dura, nunua. Chupa ndiyo kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika orodha hiyo, japo ukiitazama bei kwa gramu utadhani ni dhahabu. Kama unaanza kutoka sifuri kwenye chuo cha kwetu, msikilize dada yako: usianzie hapa. Nzi wa matunda na kipimo cha kalsiamu vitakupa tasnifu kwa hadubini ya kawaida, na watu wamekwishafundishwa kazi za nzi hukohuko Ishaka, Uganda, hawakuvuka bahari. Njoo kwenye rangi ya volteji baadaye, kwa kutembelea maabara yenye kamera, ukiwa na swali linalohitaji milisekunde kweli.

Ukishaagiza, sisitiza barafu kavu na tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwenye chupa. Ikifika iweke kwenye friza, gizani, pamoja na vipakiti vya kunyonyea unyevu. Siku ya kuitumia itoe mapema, uiache imefungwa hadi ifikie joto la chumba, ndipo uifungue. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa utatua juu ya unga, na chupa hiyo haitamaliza mwezi.